Raba za Lori Chini ya Jenereta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naona glasi ya maji juu ya meza ya maabara, na maji yanatetemeka ndani yake bila mtu kuigusa. Umeniuliza juu ya raba za kuwekea mashine yenu mpya ya vipimo, ile mnayosema haitaki kutikiswa hata kidogo. Umenionyesha kwenye simu picha za raba za kila namna, ukataka nikuchagulie kwa kidole. Nitakujibu. Ila jibu langu lina mkia mrefu, na mzee akiulizwa habari za raba huishia kwenye habari za watu. Nivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ufundi, cheti changu nimekitia kwenye bahasha kama kitu cha kuoneshwa wakwe. Nikaajiriwa fundi katika kituo kimoja cha afya upande wetu huu wa Kilwa. Jina la kituo nitalihifadhi, maana waliokuwapo wengine wapo na wengine wametangulia, na wote wanastahili stara. Umeme wa nguzo haukuwa umefika. Tulikuwa na jenereta moja ya dizeli. Ndiyo iliyowasha taa za chumba cha upasuaji, ndiyo iliyopandisha maji kwenye tangi. Masika ya mwaka ule ikabomoa banda lake lililokuwa nyuma huko, mbali na majengo. Tukaihamishia stoo, na stoo ilipakana ukuta na maabara, sakafu moja ya zege, huku na huku.

Maabara ilikuwa ya Zuhura. Binti wa Kilangala, huko Lindi, mwembamba, sauti yake ya chini. Alikuwa akifuta kioo cha hadubini kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Hadubini sisi tuliizoea kwa jina la darubini, na ulimi wangu mpaka leo unapenda darubini, kwa hiyo nikiteleza usinisahihishe. Yeye ndiye aliyesoma vioo vya kituo kizima: damu za wenye homa, makohozi ya wenye kifua. Alikuwa akiniita "Fundi" tu, na neno hilo hilo wakiniita wengine lilikuwa kazi, akiniita yeye lilikuwa jina.

Nisikufiche. Nilimpenda. Nilishamnong'oneza mama yangu kule Kinjumbi, na mama alishaanza kuulizia ukoo wao polepole, kama ilivyo desturi kabla ya kupeleka posa. Zuhura mwenyewe sikuwa nimemwambia. Lakini nadhani alijua, maana chai ya saa nne alikuwa akinitunzia kipande cha muhogo wa kuchoma, na hakuna aliyemwambia anitunzie.

Basi tulipoihamisha ile jenereta, meza yake ikaanza kutetemeka. Mganga mkuu wa kituo, mtu mkali lakini mwenye haki, akanipa gari niende Lindi mjini nikanunue raba za kupokea mtetemo, zile mafundi wa magari wanaziita mauntini. Nikaingia duka la vipuri. Mwenye duka, mtu mzima wa miwani, akaniuliza mambo mawili tu.

"Mashine yako ina uzito gani, kijana? Na inazunguka mara ngapi kwa dakika?"

Mwanangu, mizunguko yake ilikuwa imeandikwa kwenye kibati ubavuni mwa jenereta, na mimi niliyeipangusa kila asubuhi sikuwahi kukisoma. Uzito ndio kabisa, sikuujua wala sikuwahi kuuwaza. Kulikuwa na wateja wengine pale, mafundi watu wazima, nikaona haya kusema sijui. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami siku ile niliuficha wangu kwa kidole. Nikaashiria raba kubwa kuliko zote, nyeusi, nene kama kisigino cha buti.

"Nipe zile."

"Zile ni za lori."

"Ndizo ninazotaka. Zinabeba lori, zitashindwa jenereta?"

Wale mafundi wakacheka, nami nikadhani wanacheka pamoja nami. Mwenye duka akanitazama juu ya miwani yake, akafunga mzigo.

Nikazifunga siku hiyo hiyo. Nikakaza nati mpaka mkono ukagoma. Bomba la moshi lilikuwa limepitishwa ukutani na kuzibwa kwa saruji, nikaliacha vile vile. Nikawasha. Ilinguruma, nikaridhika, nikaenda kuoga.

Kesho yake Zuhura akaniita. Alikuwa ameweka glasi ya maji kando ya darubini. Akanionesha. Maji yalikuwa yanachora duara ndogondogo zinazokimbizana, hazitulii.

"Bado inacheza, Fundi. Tena mimi naona imezidi."

"Raba ni mpya. Zitalainika. Zoea tu, Zuhura."

"Jicho halizoei. Kijidudu cha kifua kikuu chenyewe ni kama uzi mwekundu, mdogo hivyo. Kikicheza sikioni."

Aliyasema bila ukali. Akaniomba basi niwe nazima jenereta saa moja kila asubuhi asome vioo vyake kwa mwanga wa dirisha. Ningeweza, mwanangu. Tangi lilikuwa likijaa mapema na asubuhi nyingi upasuaji haukuwapo. Lakini kuzima kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba raba nilizozifuata Lindi kwa gari la kituo hazifai. Nikamwambia haiwezekani, ratiba ya maji hairuhusu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mwenzangu nikimwambia hakina kunguni.

Ikapita miezi. Akaja mkulima wa Tingi, Bwana Saidi, mwenye mikorosho yake na familia yake, anakohoa. Zuhura akachukua makohozi, akayasoma. Siku ile kulikuwa na mama anapasuliwa ili azae, jenereta isingezimwa hata angeomba malaika. Akasoma mara tatu, baadaye nilimsikia akisema hivyo. Mara zote tatu hakuona kitu. Akaandika kwamba hakuna vijidudu, na Bwana Saidi akapewa dawa ya kikohozi, akarudi kwake.

Aliporudi tena kituoni alikuwa amebebwa kitandani na wanaume wanne. Kifua kilikuwa kimemla. Na mama yake mzazi, bibi kizee aliyelala chumba kimoja naye, alikuwa amekwisha kuambukizwa. Bwana Saidi alipona baada ya dawa za muda mrefu, ingawa hakuwa tena mtu wa kubeba bomba la dawa ya salfa mgongoni na kupuliza mikorosho. Bibi hakupona. Mungu amrehemu. Simjui sura yake, lakini sijawahi kusali nikamwacha nje ya dua.

Mganga mkuu akatuita sote. Akamuuliza Zuhura ilikuwaje. Zuhura akasema meza inatetemeka na kwamba alishasema mara nyingi. Mganga akanigeukia.

"Fundi, jenereta ina mtetemo?"

Hapo, mwanangu, ndipo palikuwa na njia panda. Swali lilikuwa dogo, jibu lake neno moja. Nikatazama viatu vyangu.

"Hapana, Daktari. Nilishafunga raba mpya, tena za nguvu."

Zuhura alinitazama, na macho yale hayakuwa na hasira. Ilikuwa kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta hakuna ukuta.

Akaandikiwa barua ya uzembe, akaondolewa maabara, akaambiwa asubiri nyumbani mpaka wilaya iamue. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo za maabara kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayemkabidhi mkubwa wake. Akapanda lori lililobeba makopa ya mihogo kwenda Lindi. Nilisimama na funguo mkononi mpaka vumbi likatua.

Tangu hapo vioo vya kituo vikawa vinapelekwa mbali kusomwa, majibu yanachelewa, watu wanateseka. Saa nne ikifika nilikuwa nikijikuta nimesimama mlangoni mwa maabara iliyofungwa. Muhogo ulikuwa unauzwa pale pale nje ya geti, lakini nilikuwa siwezi kuununua.

Ndipo akaja Mzee Mbonde. Huyu alikuwa fundi wa mitambo miaka mingi kwenye shamba la mkonge, sasa amestaafu, amekuja kutibiwa mguu. Alikuwa ameketi barazani anasubiri zamu, fimbo yake ameisimamisha sakafuni, kidevu ameweka juu ya fimbo. Nikapita. Akaniita.

"Wewe ndiye fundi wa hapa?"

"Shikamoo, mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Meno yangu yanagongana kwa mtetemo unaopanda kwenye fimbo hii kutoka sakafuni. Nipeleke kwenye mashine yako."

Nikampeleka. Akainama kwa shida, akapitisha ukucha kati ya raba na chuma, akaangalia zile nati, akafuata bomba la moshi kwa macho mpaka ukutani. Kisha akaketi juu ya debe, akasema maneno ambayo cheti changu hakikuwa nayo.

"Raba, mjukuu wangu, kazi yake ni kubonyea. Ni kama godoro. Godoro lisilobonyea ni jiwe, na lililobonyea likagusa sakafu nalo ni jiwe. Kazi iko hapo katikati. Hizi ni za lori. Jenereta yako kwao ni unyoya, hazijui hata kama kuna kitu juu yake. Kila mtetemo unapita kwenda kwenye zege kama mtu apitaye mlango wazi. Tena umezibana kwa nati, na bomba umelijengea ukutani. Umemvalisha mtu viatu vya sufi halafu ukamfunga kwenye mlingoti."

Akaniuliza uzito wa mashine. Safari hii nikasema sijui. Unajua lilikuwa neno jepesi kiasi gani, mwanangu? Lilitoka kama pumzi.

Tukaazima mizani ya kupimia korosho kutoka ghalani, ile ya kuning'iniza, na winchi ya mnyororo. Tukanyanyua jenereta upande mmoja mmoja. Upande wa injini ukaonekana mzito kuliko upande wa dainamo, karibu maradufu. Mzee akasema, "Unaona? Miguu minne, lakini haibebi sawa. Kila mguu upewe raba ya mzigo wake." Kisha akanisomesha kile kibati. Akanieleza kwamba raba na mzigo wake vina mwendo wao wa kucheza, na mwendo huo sharti uwe wa polepole sana kuliko mizunguko ya mashine. Ukikaribiana nayo, vitu viwili hivyo vitacheza ngoma moja na mtetemo utazidi badala ya kupungua. Kwa hiyo raba laini kupita kiasi si dawa, ngumu kupita kiasi si dawa, na wala hakuna raba nzuri peke yake. Ipo nzuri kwa mzigo fulani, katika mwendo fulani.

Nikarudi Lindi na hesabu zangu kwenye karatasi. Yule mwenye duka akasoma, akatabasamu, akanipa raba ndogo hata nikaona aibu kwa niaba yake: mbili ngumu kidogo, mbili laini. Tukalikata bomba la moshi, tukaliunga kwa kipande cha bomba linalopinda, tukalipitisha ukutani katika tundu pana lisiguse kitu. Na juu ya meza ya maabara Mzee akaweka mpira wa ndani wa gurudumu la toroli, umetiwa upepo kidogo tu, juu yake bamba zito la zege, na juu ya bamba darubini. Nikamuuliza kwa nini bamba zito. Akasema kitu chepesi juu ya mpira hurukaruka kama kuku, kizito hutulia.

Tukawasha. Mzee akashika fimbo yake, akaisimamisha sakafuni, akaweka kidevu.

"Mashine imepona," akasema. "Yule binti je?"

Sikujua kwamba anajua. Kumbe watu wote wa baraza walikuwa wanajua, kwa kuwa ugonjwa wa kituo hauna siri.

"Nimesikia aliulizwa, akasema kweli. Nimesikia na wewe uliulizwa. Mimi nimefanya kazi na injini miaka mingi, nimeharibu nyingi. Chuma hakinidai kitu. Wanaonidai ni watu niliowaachia wabebe mizigo yangu, na wengine wamekufa kabla sijaenda kuwapokea. Usingoje, mjukuu wangu."

Nikaenda kwa mganga mkuu. Nikamwambia nimetengeneza jenereta, aje aone. Alipokuja maabara, yeye mwenyewe akafungua sanduku ambamo Zuhura alitunza vioo vya zamani, vimepangwa na kuandikwa kwa mwandiko wake mdogo. Akatoa kioo cha Bwana Saidi. Akakiweka chini ya darubini huku jenereta inanguruma ng'ambo ya ukuta. Akatazama muda mrefu sana. Kisha akasogea, akaniambia nitazame.

Niliona rangi ya samawati iliyotulia kama maji ya mtungini, na ndani yake nyuzi tatu nyekundu, nyembamba, zimelala tu. Zilikuwapo siku zote.

Nikasema kila kitu. Duka, raba, glasi ya maji, ombi la saa moja, jibu langu mkutanoni. Mganga hakupandisha sauti. Akaniandikia onyo kali, nikalitia saini, akaandika barua nyingine wilayani kumsafisha Zuhura, na hiyo akaisoma mbele ya wafanyakazi wote, nami nimesimama.

Ndipo nikaenda Kilangala. Nilifika mchana, nikampigia hodi baba yake, nikamwamkia, nikajieleza. Mzee akamwita binti yake, akatukalisha uani, mama yake akiwa karibu anapepeta mtama. Nikamwambia Zuhura yote niliyomwambia mganga, na kwamba barua yake imekwisha kwenda. Akasikiliza mpaka mwisho, anachora mchanga kwa kijiti.

"Fundi," akasema, "uliponiambia nizoee, ulikuwa hujui. Kutojua si dhambi, na hilo nilikusamehe siku ile ile. Lakini mkutanoni ulijua."

"Nilijua."

"Basi hilo niachie kwanza. Mungu akinipa wepesi, nitakuletea habari."

Akanipa maji ya kunywa. Nikayanywa. Akanisindikiza mpaka kwenye kinjia chembamba, akasema niende salama, akarudi.

Wilaya ikamrudishia kazi, ila wakampeleka hospitali ya mbali, upande wa uwanda wa juu, kwa Wamakonde. Nikasikia ameolewa na mwalimu huko. Mama yangu akaacha kuulizia ukoo. Nami baadaye nilioa, mke mwema, tuliishi kwa heshima na Mungu akatupa watoto; sina la kumlalamikia, hata alipotangulia nilimlilia kwa haki yake. Lakini moyo, mwanangu, una vyumba vyake. Ile habari aliyosema ataniletea sijaipata mpaka leo. Gari likisimama hapo barabarani akashuka mtu wa kutoka Lindi, bado huwa nanyanyua shingo. Simu ikilia namba nisiyoijua, huwa nangoja kidogo kabla ya kupokea, ili nikae tayari. Pengine amekwisha kunisamehe akasahau kutuma. Pengine hayupo duniani. Pengine wepesi haujaja, na hiyo ni haki yake. Natamani tu kuisikia ile sauti ya chini ikisema "Fundi" mara moja, hata kama ni kwa kuniambia bado.

Sasa nikujibu. Usinionyeshe picha za raba kabla hujanionyesha mzigo. Pima mashine yako, kila mguu peke yake. Soma kibati. Chagua raba itakayobonyea kiasi, isiyokufa kwa uzito wala isiyoupuuza. Usiibane kwa nati ukaiua, wala usiache bomba au waya mgumu ukagusa ukuta, maana mtetemo ni kama maji, ukiziba huku unatafuta kule. Na dukani wakikuuliza usilolijua, sema hulijui. Aibu ya dukani huisha ukivuka mlango.

Ukishamaliza, nenda kwa yule anayekaa na chombo kutwa nzima, umuulize kama kimetulia. Akisema hakijatulia, basi hakijatulia, hata kama cheti chako kinasema vingine. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, utaulizwa swali dogo mbele ya watu. Jibu kweli hapo hapo. Usimwachie mwenzako abebe mzigo wako hata hatua moja, kwa kuwa mzigo huo ukitaka kuupokea baadaye unaweza usimwone aliyeubeba.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mkono mwepesi na ulimi wa kweli. Akukutanishe na watu watakaokuambia unapokosea, na akupe sikio la kuwasikia wangali karibu. Kila mlango utakaoufungua kwa riziki yako uukute na kheri, na yeyote utakayempenda duniani, Mungu akujaalie umwambie mapema. Amina.